Hobi na mambo mapya: namna ya kupanga mwaka usioishia kwenye daftari

Kwenye daftari langu la zamani kuna ukurasa wenye maneno mawili: "Kujifunza gita." Ukurasa wa mwaka uliofuata una maneno hayohayo. Wa mwaka wa tatu pia, safari hii yamepigiwa mstari mara mbili, kana kwamba shida ilikuwa wino. Gita lenyewe lilikuwa limelala ndani ya mfuko wake chini ya kitanda. Kila nilipofagia nililisogeza, nikafagia, nikalirudisha.

Mwaka wa nne niliandika hivi: "Jumatatu na Alhamisi, nikimaliza kuosha vyombo vya usiku, dakika 20. Kubadilisha vidole kutoka mkao wa G kwenda wa C." Gita nikalitoa kwenye mfuko, nikaliegemeza ukutani karibu na kiti ninachokalia kila siku. Mwaka huo nilijifunza.

Miaka ile mitatu sikukosa bidii. Bidii ya Januari kila mtu huwa nayo, lakini ni nguvu ya soda: ukifungua chupa inafoka, ukirudi baadaye unakuta maji matamu. Kilichobadilika ni kwamba maandishi ya mwaka wa nne yalitaja siku, yalitaja saa, na yaliviambia vidole vifanye nini.

Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo moja nililolifikia baada ya kukosea sana. Hobi na jambo jipya ni vitu viwili, na kila kimoja kina namna yake ya kupangwa. Hobi hurudiwa, kwa hiyo inahitaji nafasi ndani ya wiki. Jambo jipya, yaani kitu unachotaka kukiona au kukifanya walau mara moja, linahitaji tarehe. Orodha nyingi huvichanganya: kuogelea, kuona theluji, kuchora, kulala kwenye hema, kusoma zaidi. Vyote vinakaa kwenye mstari mmoja vikisubiri, na hakuna kinachosubiri kitu kilekile.

Utahitaji daftari, kalamu, kalenda ya karatasi au ya simu, na kama saa mbili za utulivu. Ni bora uzigawe kwenye jioni mbili. Ukifanya yote kwa mkupuo, hatua za mwisho utazipitia kwa uchovu, na hizo ndizo zinazoamua.

Hatua ya 1: Malizana na viporo

Kabla ya kuandika jipya lolote, chukua orodha ya mwaka uliopita. Kama hukuandika, bado iko kichwani; iandike. Kila kiporo kiulize swali moja: bado nakitaka, au naona tu aibu kukiacha? Utashangaa ni vingapi vimebaki kwa sababu ya aibu. Mimi niliibeba sataranji miaka kadhaa kwa kuwa niliwahi kujigamba mbele ya mtu kwamba naipenda. Siipendi. Napenda kuwatazama wanaoicheza, na hilo halihitaji lengo.

Unachobaki unakitaka kwa dhati kiandike ukurasa mpya, na pembeni yake andika kilichokukwamisha. "Sikuwa na muda" halitoshi kuwa jibu. "Darasa lilikuwa Jumamosi asubuhi, na Jumamosi asubuhi huwa nimechoka hoi" ni jibu, kwa sababu lina dawa.

Hatua ya 2: Mwaga yote karatasini

Tega saa ya simu dakika 20, andika vitu 30. Usichuje. Kumi vya kwanza vitatoka haraka, na vingi vitakuwa vya watu wengine, vile ambavyo kila mtu huvitaja mwaka ukikaribia kwisha. Kuanzia cha kumi na tano hivi kalamu huanza kusita. Usisimame hapo, maana vilivyo vyako hasa ndipo vinapoanza kujitokeza.

Ukikwama, jiulize. Ulipokuwa na miaka kumi, ulikuwa ukifanya nini hadi unaitwa mara tatu ndipo usikie? Ni kazi gani ya mikono inayokufanya usimame kuitazama hata ukiwa na haraka zako? Unamwonea nani wivu, na hasa kwa lipi? Wivu ni mshauri mzuri ukihojiwa vizuri. Huenda safari ya rafiki yako haikuumi hata kidogo. Kinachokuuma ni kwamba alikaa siku tatu bila mtu kumpigia simu. Hapo lengo lako ni siku tatu za ukimya, nazo unaweza kuzipata bila kupanda ndege.

Kisha chuja. Pitia kila kimoja ukijiuliza: ningekifanya hata kama hairuhusiwi kupiga picha wala kumsimulia mtu? Vitakavyoanguka, viache vianguke. Kwangu huanguka karibu nusu.

Hatua ya 3: Gawa mafungu matatu

Fungu la kwanza ni la hobi, la pili ni la mambo ya tarehe. La tatu ndilo watu hulisahau: vitu vya kuonja. Chukua ufinyanzi. Kama hujawahi kugusa udongo ukizunguka kwenye gurudumu, hujui kama unaupenda. Unachokipenda kwa sasa ni picha yake. Kuahidi mwaka mzima kwa kitu cha namna hiyo ni kuposa kwa kuonyeshwa picha. Kipe kikao kimoja au viwili. Kikikukolea, kihamishie kwenye fungu la hobi. Kisipokukolea, basi umepata jambo jipya moja la mwaka, nalo limekwisha kutimia.

Fungu hili ni zuri pia kwa vitu vinavyokutisha. Kuimba kwenye kwaya ni jambo zito. Kuhudhuria mazoezi ya kwaya mara moja, ukae nyuma usikilize, si zito hata kidogo.

Hatua ya 4: Hesabu muda ulio nao

Wiki ina saa 168. Watu wengi huanza kwa kutoa usingizi na kazi, wakapata makumi ya saa za ziada, wakafurahi. Hesabu hiyo inadanganya, nawe unajua huna saa zote hizo. Fanya hivi badala yake: irudie wiki iliyopita siku kwa siku, uandike jioni zako na siku zako za mapumziko zilikwenda wapi. Zilizopotelea kwenye simu ziandike pia, bila kujihukumu, maana simu yenyewe hurekodi na ukitaka itakusuta.

Sasa tafuta vipande viwili vya dakika 30 hadi 45 vinavyojirudia kila wiki na ambavyo havina mwenyewe. Viwili tu. Mwenye watoto wadogo huenda akapata kimoja, tena kifupi, na hakuna ubaya: dakika 15 zilizo imara zinashinda saa mbili za kubahatisha. Anayefanya kazi kwa zamu asifunge hobi yake kwenye siku ya wiki. Aifunge kwenye zamu, kwa mfano siku ya kwanza ya mapumziko baada ya zamu za usiku.

Vipande viwili vya dakika 40 kwa wiki 52 ni dakika 4,160, karibu saa 69. Ila utaumwa, utasafiri, utapata wageni, na kazini kuna wiki ambazo hata kula hukumbuki. Mimi huhesabu wiki 40. Hiyo inatoa dakika 3,200, saa 53 na ushee. Huo ndio mtaji wako wa mwaka kwa hobi moja.

Saa 53 zinafika wapi? Taasisi ya Marekani inayowafundisha wanadiplomasia lugha, Foreign Service Institute, hukadiria kwamba mzungumzaji wa Kiingereza anahitaji kama saa 900 za darasani kukijua Kiswahili kiasi cha kufanyia kazi, na kama saa 2,200 kwa Kichina, Kijapani au Kiarabu. Kwa mwendo wa saa 53 kwa mwaka, hizo 900 zingekula miaka 17. Kwa hiyo aliyeandika "mwaka huu nitazungumza lugha mpya kwa ufasaha" ataanza kujiona mzito wa kichwa ifikapo Machi, kumbe kosa ni la hesabu. Lakini saa 53 zinatosha kujitambulisha, kuuliza njia na kulielewa jibu, na kuzungumzia familia yako dakika tano bila kukimbilia lugha uliyoizoea. Hilo ni lengo la mwaka, tena la kujivunia.

Na ukishamaliza kuhesabu, ongeza. Mwaka 1994 watafiti Roger Buehler, Dale Griffin na Michael Ross walichapisha matokeo ya kuwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu zao watamaliza lini. Kwa wastani walisema siku 33.9. Walichukua siku 55.5. Sioni kwa nini anayefuma sweta lake la kwanza awe na afadhali. Mimi huzidisha makadirio yangu mara moja na nusu, na bado huchelewa.

Hatua ya 5: Andika lengo la hobi

Hapa kaa zaidi kuliko kwingine kote.

Wanasaikolojia Edwin Locke na Gary Latham walitumia miongo kadhaa kuchunguza malengo. Sehemu ya matokeo yao inayojulikana sana ni kwamba lengo mahususi na gumu kiasi humsukuma mtu kuliko "jitahidi uwezavyo". Sehemu isiyotajwa sana ndiyo inayotuhusu sisi: mtu akiwa mgeni kwenye kazi ngumu, kumpa lengo la matokeo kunaweza kumvuruga, na humfaa zaidi lengo la kujifunza. Anayeanza kupiga gita akijiwekea "wimbo mzima kufikia Juni" atakimbilia wimbo, ataruka kile ambacho vidole bado havijui, na Juni atakuwa na wimbo unaochechemea. Akijiwekea "kubadilisha G kwenda C bila kutazama vidole", wimbo utakuja wenyewe.

Kwa hiyo andika sentensi yenye mambo matatu: lini, kwa muda gani, na mikono, miguu au mdomo ufanye nini. Kama sentensi yako haina kitendo ambacho mtu aliyekaa pembeni angeweza kukiona, bado ni ndoto. "Kuwa mbunifu zaidi" hakuna awezaye kuiona. "Kuchora mkono wangu wa kushoto kila Jumapili, ukurasa mmoja, tarehe juu" inaonekana waziwazi, na ukifika ukurasa wa 12 uufunue ule wa kwanza. Ule wa kwanza vidole ni kama soseji tano. Kwenye wa kumi na mbili kuna kifundo, kuna mkunjo wa ngozi, kuna kucha iliyokaa upande wake. Hutahitaji mtu akuambie umepiga hatua.

Kwa anayetaka kukimbia, kazi ya kuandika ngazi walishaifanya watu wengine. Mwaka 1996 Josh Clark alitunga mpango unaojulikana kama Couch to 5K, yaani kutoka kochini hadi kilomita tano, wa wiki tisa, siku tatu kwa wiki. Wiki ya kwanza, baada ya kutembea dakika tano kupasha mwili, unakimbia sekunde 60, unatembea sekunde 90, unarudia hivyo dakika 20. Sekunde 60! Mpango huo una mwanzo mdogo kiasi kwamba kiburi ndicho kinachoumia, si magoti. Mwenye maradhi ya moyo au aliyekaa miaka mingi bila mazoezi amwone daktari kwanza.

Anayetaka kuogelea aandike ngazi vivyo hivyo: kutoa pumzi uso ukiwa majini, kisha kuelea chali sekunde 30, kisha kujisukuma kutoka ukutani na kuteleza, kisha kuvuka upana wa bwawa. Akiwa na mwalimu, si peke yake na video ya simu.

Ngazi zenyewe ziwe na kipimo chepesi. Kwenye gita nilitumia hiki: tega dakika moja, hesabu ni mara ngapi umebadilisha mkao na nyuzi zikalia safi. Siku ya kwanza nilipata mara tisa, na ncha za vidole zikaniuma hadi kesho yake. Baada ya wiki sita nilifika 26. Tarakimu hizo mbili zilinipa moyo kuliko sifa za yeyote, hasa kwa kuwa waliokuwa wakinisikiliza hawakuwa na sifa za kutoa.

Hatua ya 6: Kisogeze kitu karibu

Mwanasaikolojia wa Ujerumani Peter Gollwitzer amelifanyia kazi kwa miaka mingi jambo ambalo likisemwa huonekana dogo mno: nia hushika zaidi ikifungwa kwenye tukio, kwa mtindo wa "kama hiki kikitokea, basi nitafanya kile." Chagua tukio ambalo tayari hutokea bila wewe kulifikiria. Kuosha vyombo. Mtoto kulala. Kufika nyumbani na kuvua viatu. Kamwe usichague "nikipata nafasi", maana nafasi haina mlango ambao utaisikia ikibisha.

Andika na sentensi ya pili, ya siku mbaya: "Kama nimechoka sana, basi nitapiga dakika tano tu, kisha niache." Ni dakika tano kweli, na ukitaka kuacha uache. Ukiongeza kila mara, siku nyingine utajishuku na hutaanza kabisa.

Halafu panga mazingira. Gita likae nje ya mfuko. Kitabu kikae juu ya mto. Viatu vya kukimbilia vikae mlangoni, na soksi zikiwa ndani yake, kwa sababu nimewahi kuahirisha kukimbia kwa kukosa soksi moja. Na kile kinachokula muda wako kisogeze mbali kiasi cha kukulazimu uinuke. Anayetaka kusoma kurasa 15 kabla ya kulala aichajie simu chumba kingine. Hila nyingine zote nilizojaribu hazijafua dafu.

Hatua ya 7: Mambo mapya yape tarehe

Hobi ikikosa wiki moja, kuna wiki ijayo. Jambo jipya likikosa tarehe hupigwa danadana mpaka Desemba. Kwa hiyo fungua kalenda sasa hivi na uweke tarehe, hata kama utaihamisha. Tarehe iliyohamishwa mara moja bado ni tarehe. Ikihamishwa mara ya tatu, rudi hatua ya 1 uiulize kama si kiporo cha aibu.

Baada ya tarehe, rudi nyuma ukiandika kinachotakiwa kabla yake. Nitaonyesha kwa mfano mmoja, usiohitaji nauli kubwa wala ustadi: kutazama mvua ya vimondo. Vimondo vya Geminidi hufikia kilele kila mwaka usiku wa kuamkia Desemba 14, na huonekana kaskazini na kusini mwa dunia. Mahali penye giza totoro, mwaka usio na mwezi mkali, vinaweza kupita 100 kwa saa. Basi andika Desemba 13 kwenye kalenda. Sasa rudi nyuma. Mwezi mmoja kabla: angalia mwezi utakuwa wa umri gani usiku huo, maana mwezi mpevu humeza vimondo vingi. Wiki tatu kabla: tafuta mahali pasipo na taa, na pawe salama kukaa usiku wa manane. Wiki mbili kabla: pata mtu wa kwenda naye, na upange kesho yake usiwe na kazi ya alfajiri. Siku yenyewe: mkeka au kiti cha kuegemea, nguo nzito kuliko unavyodhani utahitaji, na tochi iliyofunikwa kitambaa chekundu.

Ukifika, zima simu. Macho huchukua dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kuichungulia simu mara moja kunakurudisha mwanzo. Lala chali, tazama anga yote badala ya kukodolea nukta moja. Dakika kumi za kwanza hutaona kitu, utahisi umedanganywa. Kisha mstari mweupe unakatiza juu kabisa, na aliye pembeni yako anauliza "umeona?" wakati umeshapotea.

Kazi zote hizo za maandalizi, ukizijumlisha, hazifiki saa mbili. Asiyeziandika hukumbuka vimondo Desemba 16, akisoma habari zake.

Mambo mengine hayana tarehe ya mbinguni, kwa hiyo yape ya kwako: siku ya kuzaliwa, mwanzo wa likizo, Jumamosi ya kwanza ya mwezi fulani. Au yafunge kwenye tiketi iliyolipiwa. Pesa ikishatoka, uvivu hupungua kwa kiasi cha kushangaza.

Hatua ya 8: Usijaze Januari

Mshika mbili moja humponyoka, na kwenye hobi naona hata mbili ni nyingi kuanza nazo kwa pamoja. Anza moja. Ya pili iingie baada ya miezi mitatu, kama ya kwanza imesimama. Kwa mambo mapya, manne hadi sita kwa mwaka yanatosha mtu mwenye kazi na familia. Yasambaze, na uache angalau miezi mitatu isiyo na chochote. Miezi hiyo itajazwa na mambo ambayo hukuyapanga, mwaliko wa ghafla au rafiki aliyepata nafasi ya ziada, na mara nyingi hayo ndiyo utakayoyasimulia.

Wala huhitaji kuanza tarehe mosi. Januari ina mzuka wake, siukatai, lakini Jumatatu yoyote ya Machi inafungua mlango uleule, tena foleni imepungua.

Hatua ya 9: Vifaa na watu

Azima au kodi kwanza. Sheria yangu ni kwamba sinunui kifaa kizuri kabla ya vikao 12, kwa sababu kununua kunaleta raha inayofanana sana na ile ya kuwa umeanza. Nimeona watu wakinunua kamera, lenzi mbili, begi na mguu wa kusimamishia, kisha wakapiga picha za paka wao wiki moja. Isipokuwa vya usalama: viatu vya kukimbilia na kofia ya baiskeli usivifanyie ubahili.

Kuhusu watu, mwambie mmoja, tena yule atakayeuliza "Alhamisi ulipiga?" Usitangaze kwa kila mtu. Mwaka 2009 Gollwitzer na wenzake walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mtu anayetamani kuwa wa namna fulani, nia yake ikishatambuliwa na wengine, huelekea kujituma kidogo kuliko yule ambaye nia yake haikutambuliwa. Pongezi huja mapema, na moyo unaridhika kabla ya mikono kufanya kazi. Mwenzako wa kufanya naye ni bora zaidi, ingawa chagueni mapema: akikosa, wewe unaendelea au nawe umepata likizo? Bila kukubaliana hilo, hobi mbili hufa siku moja.

Hatua ya 10: Kufuatilia bila kujitesa

Ukurasa mmoja wa kalenda, alama moja kwa kila kikao. Basi. Programu za simu zinazohesabu siku mfululizo ziwekee tahadhari, kwa sababu siku mfululizo zikikatika mtu huona kama kila kitu kimeharibika. Haijaharibika. Mtafiti Phillippa Lally na wenzake jijini London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijijengea zoea jipya la kila siku. Kwa wastani zoea lilikolea baada ya siku 66, lakini kwa mtu na mtu ilikuwa kuanzia 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuathiri sana mwendo mzima. Zile "siku 21" zinazosemwa kila mahali zimetokana na daktari wa upasuaji, Maxwell Maltz, aliyeandika mwaka 1960 kwamba wagonjwa wake huchukua angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya. Sura na gita ni vitu viwili.

Ukikosa kikao, kifuatacho kiwe kifupi kuliko kawaida. Usilipe deni. Anayejaribu kufidia dakika 40 za Jumatatu kwa kupiga 80 Alhamisi huishia kuichukia Alhamisi.

Na usijilipe zawadi kwa kila hatua. Mwaka 1973 wanasaikolojia Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett waliwapa cheti watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi, wakiwa wamewaahidi kabla. Baadaye, kalamu zilipowekwa tena mezani bila ahadi yoyote, watoto hao walizigusa kidogo kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Mchezo uligeuka kazi. Ukitaka kujifurahisha, pata furaha hiyo ndani ya hobi yenyewe: dakika tano za mwisho za kila kikao, cheza unachokipenda, hata kama unakicheza vibaya.

Hatua ya 11: Weka siku ya kuamua

Kila baada ya miezi mitatu, tenga robo saa. Hesabu alama kwenye kalenda, soma sentensi ya lengo, kisha chagua moja kati ya manne: endelea, badilisha siku, punguza, acha. Kuacha kupangwe mapema ili kusiwe kutoroka. Andika tangu mwanzo: "Nitaamua baada ya kikao cha 12." Vichache kuliko hivyo, unachokipima ni ugumu wa mwanzo, na mwanzo wa kila kitu ni mgumu. Na usiamue siku ambayo kikao kilikwenda vibaya; subiri siku tatu.

Ukiacha, maliza kabisa. Rudisha ulichoazima, gawa ulichonunua, futa alama kwenye kalenda, na kipande kile cha wiki ukipe kitu kingine siku hiyohiyo kabla simu haijakinyakua. Mwaka jana niliacha rangi za maji baada ya kikao cha 14. Karatasi zilikuwa zinajikunja, kijani changu kilikuwa kinageuka tope, na nilikuwa naitazama saa. Brashi nilimpa binti wa jirani, ambaye alizipokea kwa mikono miwili na kuanza kuchora palepale sakafuni. Jumapili jioni yangu nikairudishia gita, kwa ajili ya mkao wa F, ule unaotaka kidole cha shahada kilale juu ya nyuzi zote sita. Kwa sasa nyuzi nne zinalia na mbili zinakoroma. Kikao cha 12 ni wiki ya pili ya mwezi ujao.